Chini ya Mawe ya Handeni na Korogwe

Wasafiri wengi wa Moshi na Arusha huijua Korogwe kwa dirisha la basi: wauza machungwa, kisha mkonge uliopangwa mistari hadi miguuni pa Usambara. Handeni wanaijua kwa uchache zaidi, maana barabara kuu hugusa Mkata na Kabuku, kisha huyo Segera. Mimi naipenda nchi hii ya tambarare, hasa kwa viumbe wanaoishi sakafuni mwake.

Shuka Handeni, omba ruhusa kwa wenyeji, ingia kwenye miyombo ufunue jiwe bapa polepole. Ukibahatika utakuta kifuko cheupe cha hariri, na ndani yake buibui mweusi anayeng'aa, mdogo kuliko punje ya hindi. Huyu hategi utando. Mchana hujificha humo, usiku hutoka kuwinda kwa miguu. Akikutana na windo lenye nguvu, hulirushia nyuzi nene zenye gundi hadi likwame. Mtazame kwa lenzi nyuma ya tumbo: vitoa-nyuzi viwili vimechomoza na kuachana, kama mirija. Ndiyo alama ya familia ya Gnaphosidae, yenye spishi zaidi ya 2,000 duniani. Kisha lirudishe jiwe lilivyokuwa.

Kuitambua familia si kazi. Kazi iko kwenye spishi, kwa sababu weusi hawa wanafanana mno. Mtaalamu hufukia vikombe, midomo ikiwa sawa na ardhi, na wanaotumbukia huhifadhiwa kwenye spiriti. Chini ya hadubini hukagua vipapasio vya dume na kibamba cha uzazi chini ya tumbo la jike. Buibui mchanga huwekwa kando. Viungo hivyo havijakomaa, hivyo hatajiki jina.

Na majina hayo ya kisayansi yana historia ndefu: kwa buibui yanahesabiwa tangu kitabu cha Msweden Carl Clerck cha 1757, mwaka mmoja kabla ya wanyama wengine.

Mwaka 2007 Moira FitzPatrick, mtafiti wa Zimbabwe, alichapisha uchambuzi mpya wa buibui wa Afrika wa jenasi Zelotes, ya familia hiyohiyo ya Gnaphosidae. Kati ya spishi alizozipa majina kwa mara ya kwanza imo Zelotes mkomazi, ya Tanzania. Mkomazi! Jina la mto upitao kati ya Upare na Usambara kwenda Pangani, la mji mdogo wa wilaya ya Korogwe, na la hifadhi ya taifa iliyo nyuma ya milima. Atakayemwandika buibui huyu, awe Tokyo au Bern, ataliandika jina letu herufi kwa herufi.

Kazi kama hiyo ingeweza kuanzia hapahapa. Hadubini moja katika maabara ya sekondari ya Handeni au Korogwe ingetosha. Vikombe vipo dukani, spiriti ipo, na mawe hayana idadi.