Utamaduni Nao Unahitaji Malisho

Nchi yetu imegundua kwamba utamaduni unauzika. Utalii wa kiutamaduni unatajwa katika makongamano, unafundishwa vyuoni na unaandikiwa mikakati. Mgeni hupokewa kwa ngoma, huvishwa vazi la asili, hupewa fimbo ya kupigia picha, hulishwa chakula cha wenyeji, hununua kikapu, kisha huondoka akiamini kwamba amewafahamu watu. Sina ugomvi na biashara hiyo. Kikapu kinachonunuliwa huwa daftari na sare ya mtoto wa mtu. Swali langu ni la kisiasa zaidi: jamii ambayo utamaduni wake tunauonyesha ina mamlaka gani juu ya ardhi inayoulea utamaduni huo?

Nilitembea na swali hilo kwa siku nne za mwezi Juni, nilipoombwa kuwasindikiza wageni watatu wa kitaaluma kutoka Mwanza hadi Shinyanga vijijini, na kutoka huko kupitia Kahama hadi Geita. Nilichaguliwa kwa sababu mbili zisizohusiana na shahada yangu ya uzamivu: nazungumza Kisukuma, na nimekua nikitembea nyuma ya ng'ombe. Mmoja wa wageni hao, mama wa makamo anayefundisha kaskazini mwa Norwei, alikuwa amekaa misimu kadhaa katika kambi za Wasami. Hawa ni wenyeji wa kaskazini ya mbali ya Norwei, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola nchini Urusi, na baadhi yao wanaishi kwa kufuga reindia, mnyama wa jamii ya kulungu anayestahimili theluji. Huko nako watalii hufika kwa wingi. Hukaa ndani ya hema karibu na moto, hunywa mchuzi wa nyama ya reindia, husikiliza uimbaji wa kale uitwao joik na kupiga picha. Mwaka 2018 Bunge la Wasami wa Ufini lililazimika kutoa miongozo ya maadili ya utalii, kwa sababu mavazi yao yalikuwa yakivaliwa kibiashara na watu wasiokuwa Wasami.

Siku ya kwanza tulikuwa Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliijenga parokia hiyo katika miaka ya 1950, na makumbusho yakafuata mwaka 1968. Mahali hapo panastahili heshima. Zimehifadhiwa ngoma za watemi, viti vya enzi, vifaa vya wahunzi, dawa na vyombo vya waganga. Kila mwaka, majira ya sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, mbinu na nyoka, kama walivyofanya tangu karne ya kumi na tisa. Wageni wangu walifurahi, nami nilifurahi pamoja nao. Hata hivyo, mama yule aliniuliza jambo lililonifuata hadi Shinyanga: "Hapa nimeona jinsi watu hawa wanavyocheza. Kesho nitaona wanavyochunga?"

Kesho yake jioni tulikuwa katika kaya ya mzee mmoja, namhala anayeheshimika kijijini kwake, ambaye sitamtaja jina. Tulisalimiana kwa taratibu zote, kwa maana Msukuma hafiki tu na kuanza kuhoji. Tukaletewa michembe na karanga, kisha maziwa ya mgando. Hapo mgeni wetu mdogo kuliko wote akauliza, kwa nia njema kabisa, mzee ana ng'ombe wangapi. Nilisita kutafsiri. Mama wa Norwei akamshika mwenzake mkono na kumwambia kwamba hata kwa Wasami swali hilo haliulizwi. Ni sawa na kumuuliza mtu akiba yake ya benki. Mzee, ambaye alikuwa ameelewa bila mkalimani, akacheka na kuniambia: "Waambie wasubiri, mwanangu. Wakirudi watawahesabu wenyewe."

Jua lilipotua walirudi ng'ombe kumi na mmoja.

Zizi lile lilijengwa kwa ajili ya mamia. Baadaye, wageni walipokwenda kulala, mzee alinieleza waliko wengine. Kijana wake wa kwanza yuko Katavi na sehemu ya kundi. Wa pili alikwenda Usangu, akaondolewa huko, sasa yuko Lindi, na hajarudi nyumbani kwa miaka sita isipokuwa msibani. Mjukuu wake yuko kwenye maduara ya dhahabu Geita. Alisema hayo bila manung'uniko, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio.

Maelezo yake yana historia nyuma yake. Wakoloni walipotaka kumwangamiza mbung'o katika Shinyanga walifyeka misitu kwa maelfu ya hekta. Ikaja pamba, ikala mashamba ya malisho. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 mpango wa maendeleo wa Usukuma uliwahamasisha watu kuhamia Geita ili kupunguza msongamano wa watu na mifugo. Uhamisho wa vijiji wa miaka ya 1970 ukaziondoa kaya kwenye maeneo zilizokuwa zikiyatunza. Kuanzia hapo Msukuma mfugaji amekuwa mtu wa kuhama: Rukwa, Usangu, Kilombero, Rufiji, Lindi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu na Usangu kwa jina la kuokoa maji na hifadhi. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili, iliwaumiza wafugaji kiasi kwamba Bunge lilichachamaa na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Kwa hiyo mtu yuleyule ambaye ngoma yake tunaipigia makofi Bujora, akifika na ng'ombe wake mkoa mwingine huitwa mvamizi.

Asubuhi mzee alitupeleka kwenye ngitili. Kwa msomaji asiyeijua, ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, malisho mengine yanapokwisha. Juni ilikuwa bado imefungwa. Nyasi zilitufika kiunoni, zimeanza kugeuka rangi ya dhahabu, na migunga ilikuwa imejaa viota. Upande wa pili wa mpaka ardhi ilikuwa imekwanguka kama ukuta uliobanduka lipu. Hapakuwa na seng'enge. Mpaka ule unalindwa na makubaliano: dagashida, baraza la wananchi kwa mila ya Kisukuma, huamua siku ya kufunga, siku ya kufungua, nani aanze kuingiza mifugo, ndama au ng'ombe wa maziwa, na faini ya atakayevunja utaratibu.

Mfumo huu ulikaribia kutoweka. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliifananisha Shinyanga na jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wake walianza kwa kugawa miche, kisha wakafanya jambo ambalo serikali zetu hulifanya kwa nadra: waliwasikiliza wazee. Badala ya kupanda msitu mpya walirudisha ngitili, na dagashida ikapewa nafasi yake. Hekta mia chache zilizokuwa zimesalia zikawa zaidi ya 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ukitaka kuuona utamaduni wa Wasukuma ukifanya kazi, uone hapo.

Katika ngitili ile, hata hivyo, tulikuta vigingi vya saruji vyenye namba. Mzee alisema walikuja watu na gari, wakapima, wakaondoka. Kijiji kiliambiwa baadaye kwamba kuna leseni ya utafutaji wa madini. Hakuna aliyevunja mlango wa mtu, na huenda kila karatasi ina muhuri wake. Lakini mkutano mkuu wa kijiji haukuitishwa, na dagashida haikujua. Iwapo dhahabu itapatikana, uthamini utafanyika: ardhi, nyumba, mazao, miti. Makubaliano ya vizazi vitatu kuhusu siku ya kuingiza ndama kwenye nyasi hayana bei katika uthamini wowote.

Mama wa Norwei alitusimulia kisa cha Fosen. Serikali ya nchi yake ilitoa leseni za mashamba ya umeme wa upepo, Storheia na Roan, yenye mitambo 151, juu ya malisho ya baridi ya reindia. Wafugaji walikwenda mahakamani. Ilipendekezwa walipwe na wanyama walishwe chakula ndani ya uzio wakati wa baridi. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba leseni zile zilikiuka Ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, inayolinda haki ya jamii ndogo kuishi utamaduni wake. Kwa maneno mengine, mahakama ilikubali kwamba kuchunga ni utamaduni, na kwamba utamaduni huo hauwezi kutenganishwa na nyasi. Hukumu pekee haikung'oa mtambo hata mmoja. Zaidi ya siku 500 zilipita, vijana wa Kisami wakaikalia wizara jijini Oslo mwaka 2023, na makubaliano na wafugaji yakafikiwa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024.

Msomaji mwerevu atanipinga hapa, na nitakuwa wa kwanza kumuunga mkono kwa sehemu. Wasukuma si jamii ndogo. Ndio kabila kubwa kuliko yote nchini. Tanzania, iliyojiunga na mkataba huohuo mwaka 1976, imejengwa juu ya msingi kwamba kabila si cheo, na mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Sitaki bunge la Wasukuma. Wala sitaki mila zifanywe malaika: dagashida kwa asili lilikuwa baraza la wanaume, ngitili za watu binafsi huwafaa zaidi wenye mali, na katika ukanda huuhuu wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Ninachodai ni chembamba zaidi, na kimo ndani ya sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya pamoja, na inatambua haki miliki ya kimila. Sheria ya malisho ya mwaka 2010 inataka maeneo ya malisho yatengwe. Kinachokosekana ni nia ya kuziona ngitili kama kitu chenye mwenyewe.

Mtu asidhani kwamba hoja hii ni ya kuikataa dhahabu. Siku ya nne, Geita, nilimtafuta mjukuu wa mzee. Mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000, mkoa ukazaliwa mwaka 2012, na pembezoni mwa yote hayo wako maelfu ya wachimbaji wadogo kama yeye. Nilimkuta kwenye karasha, mwili mzima mweupe kwa vumbi, simu yake ikiimba Kisukuma kwa sauti ya juu kuliko mashine. Nilimuuliza fedha anapeleka wapi. "Nanunua mitamba, mwalimu. Watatu sasa. Wako kwa babu." Nikaelewa kwamba baadhi ya wale kumi na mmoja niliowahesabu walikuwa dhahabu. Vijana hawa hawajauacha ufugaji. Wameuendea kwa njia ya chini ya ardhi. Mitamba wale wanaishi Agosti na Septemba kwa nyasi za ngitili yenye vigingi. Ngitili ikiondoka, jasho la yule kijana halina pa kuwekwa.

Ndiyo maana nasema sera yetu ya utalii wa kiutamaduni imekaa kichwa chini. Ngorongoro mtalii hulipa kuingia boma la Wamasai, na tangu 2022 wenye maboma wamekuwa wakihamishiwa Msomera, Handeni. Tutabaki na wachezaji wa ngoma wanaokuja kazini asubuhi na kurudi jioni kama makarani.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, hasa maofisa ardhi, mifugo na madini wa halmashauri: kabla kigingi hakijasimama, itisheni mkutano mkuu wa kijiji wenye wanawake na vijana ndani yake, na ulizeni ngitili ziko wapi. Ziingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kwa mipaka na kwa jina la wanaozitunza. Kwa wanaharakati: msisubiri watu wafukuzwe ndipo mfike na kamera, saidieni vijiji kupata hati mapema, kazi isiyo na picha nzuri. Na kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, ambao kila Oktoba huja ofisini kutafuta mada ya tasnifu: chukueni vijiji vitano vya Shinyanga, tafuteni ngitili zilizorudishwa wakati wa HASHI, pimeni ni ngapi zimesalia, na mwandike ni nani aliyeamua juu ya zile zilizotoweka. Nitasimamia tasnifu hiyo kwa furaha, na nauli ya kwenda kuwasalimu wazee nitachangia.