Gamba la Mama

Msomaji, usinicheke. Chumbani kwangu hapa Berlin nafuga kamba. Si wa kupika, bwana! Hawa ni vibete wa rangi ya chungwa, asili yao ziwa Pátzcuaro kule Meksiko. Mkubwa wao hapiti sentimita 5.

Mwezi uliopita jike alitaga. Mayai akayabeba chini ya mkia, akiyapepea usiku na mchana yapate hewa. Wenzake walijivua magamba, waking'aa. Yeye hapana. Angejivua, mayai yangekwenda na gamba. Akabaki na lile lile la zamani, limefanya utando wa kijani.

Nikamkumbuka mama, kule Tanga. Miaka yangu yote ya sekondari alivaa doti moja ya khanga, ikachuja hadi maandishi yakafutika. "Nitanunua ukimaliza," alikuwa akisema. Nilimaliza. Nikafika Ulaya. Fedha nilizomwahidi nikanunulia tangi, pampu na taa.

Juma lililopita watoto walishuka mkiani, kila mmoja kamba kamili, mdogo kuliko punje ya mchele. Siku chache baadaye, jike naye akajivua.

Leo asubuhi nimepanga foleni kutuma fedha. Karani akauliza ni za nini.

"Khanga," nikamwambia.

Hakuelewa.