Nikirudi Korea: vyakula vya kutafuta, na jinsi ya kusoma jina la chakula

Kwa wale mnaokuja hapa kutafuta habari za programu na hifadhidata, leo mtanivumilia. Desemba narudi Seoul kwa kazi, siku kumi, na nimekuwa nikiandika orodha ya vyakula ninavyotaka kuvitafuta. Orodha imekuwa ndefu kuliko mpango wa kazi yenyewe. Nikaona niiweke hapa, maana wako wengine wanaotumwa huko na kampuni zao, kisha wanarudi wakisema Korea ni nguruwe na pilipili tu.

Niseme mapema: mimi ni Mwislamu, mtoto wa Mombasa. Nguruwe sili, pombe sinywi, na nyama nyingine nataka nijue imechinjwa vipi. Korea hilo si jambo dogo. Kuna desturi ya ofisini inayoitwa hoesik: timu nzima inatoka jioni kwenda kula na kunywa pamoja. Mara nyingi ni nyama ya tumbo la nguruwe inachomwa katikati ya meza, na chupa za soju pembeni. Mazungumzo ya maana yanafanyika pale. Programu mliyobishania mchana kutwa, pale ndipo mtu anakwambia kwa nini hasa hakuipenda. Safari ya kwanza nilikaa na wali wangu, kimchi na maji, wenzangu wakinionea huruma. Mimi sikutaka huruma, nilitaka kula nao. Safari hii nimewaandikia mapema: siku moja mahali pa kula nitachagua mimi.

KWANZA, JIFUNZE KUSOMA

Msicheke. Maandishi ya Kikorea, Hangul, yanatisha kwa macho lakini ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Yalibuniwa wakati wa Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa rasmi 1446. Herufi za msingi ni 24. Zinapangwa ndani ya mraba mmoja kuwa silabi: konsonanti ya mwanzo, irabu, na pengine konsonanti ya mwisho. Ukihesabu na zile za kuungana, kuna chaguo 19 za mwanzo, 21 za katikati, na 28 za mwisho (27 pamoja na ile ya kuacha wazi). Zidisha: 19 × 21 × 28 = 11,172. Hiyo ndiyo idadi kamili ya silabi za Hangul zilizopangwa katika Yunikodi, tena kwa mfuatano ambao unakuwezesha kukokotoa namba ya silabi yoyote bila kutazama jedwali. Mtu wa kompyuta akiliona hilo atalipenda. Mimi nilitumia Jumamosi na Jumapili moja, na Jumatatu nikawa nasoma vibao vya barabarani pole pole.

Faida yake mezani ni kwamba majina mengi ya vyakula nayo yameunganishwa hivyo hivyo. Mwisho wa jina unakwambia kimepikwaje:

- bap: wali
- guk au tang: supu
- jjigae: mchuzi mzito
- guksu au myeon: tambi
- juk: uji
- gui: cha kuchoma
- bokkeum: cha kukaanga

Mwanzo wa jina unakwambia kuna nini ndani: dwaeji ni nguruwe, so ni ng'ombe, dak ni kuku, saengseon ni samaki, haemul ni vitu vya baharini, gul ni chaza, kong ni soya. Basi. Ukifika Busan ukaona dwaeji-gukbap, chakula ambacho mji ule unasifika nacho, umeshajua ni nguruwe, supu na wali, na umeshapita. Ukiona gul-gukbap, unavuta kiti.

Ila jina halisemi kila kitu. Soko la Gwangjang pale Seoul, lililoanza 1905, wanakaanga bindaetteok, mkate wa chapa wa pojo (ndugu zangu wa bara, ndengu) zilizosagwa. Jina halitaji nguruwe, lakini mara nyingi nyama yake imo. Kimchi-jjigae nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo shika sentensi moja: "Dwaejigogi deureogayo?" yaani, nyama ya nguruwe imo? Niliiuliza mara nyingi na sijaona mtu aliyekasirika.

ORODHA YANGU

1. Kongnamul-gukbap, Jeonju. Soma jina: soya zilizochipua, supu, wali. Ni chakula cha asubuhi, mchuzi wake kwa kawaida ni wa dagaa wakavu na mwani, kinaletwa na yai lisiloiva sana. Jeonju iliingizwa na UNESCO katika miji ya upishi mwaka 2012, na wageni wengi wanakwenda kwa ajili ya bibimbap. Lakini bibimbap ya pale kwa desturi wali wake unapikwa kwa supu ya mifupa ya ng'ombe na juu huwekwa nyama mbichi. Kwa mtu kama mimi bakuli hili la bei nafuu ndilo la safari.

2. Sundubu ya Chodang, Gangneung. Hii ni tofu laini, nyeupe, haijakamuliwa ikawa ngumu. Mtaa wa Chodang wanaigandisha kwa maji ya bahari, na bahari yenyewe iko karibu. Usiagize ile nyekundu ya pilipili kwanza. Agiza nyeupe, tia sosi ya soya kidogo, uonje soya ilivyo. Treni ya kasi ya KTX ilifika Gangneung Desemba 2017, kabla ya Olimpiki ya baridi ya 2018, na kutoka Seoul ni kama saa mbili. Unakwenda asubuhi na jioni umerudi.

3. Gan-godeungeo, Andong. Hii ndiyo iliyonivuta zaidi. Andong iko mbali na pwani, lakini inasifika kwa samaki! Zamani samaki wa jamii ya vibua walibebwa kwa miguu kutoka pwani ya Yeongdeok, na wasioze njiani wakatiwa chumvi. Baadaye watu wakaipenda ile ladha ya chumvi kuliko samaki mbichi. Sisi tuliokulia nyumba zenye ng'onda hatuhitaji kuelezwa zaidi. Anachomwa, analiwa na wali mweupe.

4. Jeonbok-juk, Jeju. Juk ni uji, na huu ni uji wa mchele na jeonbok, konokono wa baharini mwenye gamba moja pana. Ukitiwa na matumbo yake unageuka rangi ya kijani, usishtuke. Kule Jeju wako wanawake wapiga mbizi, haenyeo, wanaozama kuwaokota bila mtungi wa hewa. Utamaduni wao uliandikishwa UNESCO mwaka 2016. Wengi wao sasa ni wazee, na mabinti wanaofuata kazi hiyo ni wachache. Huu ndio uji ambao sitaki kuuahirisha.

5. Gul-gukbap, Tongyeong. Chaza, supu, wali. Tongyeong, pwani ya kusini, ndiyo kitovu cha ufugaji wa chaza wa Korea, na msimu wao ni wa baridi. Kwa hiyo Desemba ni wakati wake hasa. Ukienda Julai badilisha mpango: tafuta kongguksu, tambi baridi ndani ya maziwa ya soya. Seoul wanatia chumvi, mkoa wa Jeolla wanatia sukari, na kila upande unaushangaa mwenzake.

6. Patjuk, popote, lakini siku maalumu. Ni uji wa maharagwe madogo mekundu wenye vidonge vya unga wa mchele unaonata. Unaliwa siku ya Dongji, usiku mrefu kuliko yote wa mwaka, tarehe 21 au 22 Desemba. Wazee wao walisema wekundu wake unafukuza pepo wabaya. Nimepanga tarehe zangu za ndege nisiukose.

7. Chakula cha watawa wa Kibudha. Mahekaluni hawapiki nyama wala samaki, na hata kitunguu saumu hawatii. Mtawa Jeong Kwan wa hekalu la Baegyangsa alijulikana duniani kupitia filamu za Netflix za mwaka 2017, lakini Seoul kwenyewe ziko hoteli za chakula hicho karibu na hekalu la Jogyesa. Kwangu mimi ni mlo ambao nyama haiko kabisa, kwa hiyo maswali yangu mengi yanabaki mlangoni.

MAMBO MADOGO

Ramani: wenyeji wanatumia Naver Map na KakaoMap, ziweke kwenye simu kabla hujaondoka. Vyakula vingi vya meza moja haviuzwi kwa mtu mmoja, kiwango cha chini ni watu wawili, kwa hiyo tafuta mwenzako. Na ukichoka kuuliza maswali, panda Itaewon. Msikiti Mkuu wa Seoul ulifunguliwa pale mwaka 1976, na mitaa inayouzunguka ina hoteli za halali. Safari ya kwanza nilikula pale karibu kila siku, na pilau nilipata.

Sasa ile siku yangu ya kuchagua. Nimeamua: Sorae Pogu, bandari ndogo ya wavuvi pale Incheon, unafika kwa treni ya mjini. Tutakula jogae-gui. Jogae ni kome na jamii zake, gui ni cha kuchoma. Moto uko pale pale katikati ya meza, kila mtu ana koleo lake, mmoja anageuza na mwingine anamwekea mwenzake kilichoiva, kama hoesik ile ile waliyoizoea. Soju watakunywa wao, mimi chai yangu ya shayiri. Lakini mkono wangu nao utakuwa juu ya moto, na nitamwekea mkubwa wa timu kome wa kwanza.

Kisha nitamuuliza kuhusu ile hifadhidata.

Kama umefika Korea na unajua chakula nilichokisahau, hasa cha samaki, niandikie kabla ya Desemba.