Vumbi la Bugesera

Kwa miaka 17 mkono wangu ulilipwa kwa mita ya mraba. Kuta za maduka hapa Gisenyi, kuanzia Mbugangari mpaka njia ya Pfunda, nilizipaka rangi za kampuni moja ya simu. Nyingine ikija na bei nzuri, nilirudi kuzipaka zake juu ya zile zile. Wenyewe hutuma karatasi yenye namba ya rangi na vipimo vya herufi. Unapiga uzi wa chaki, unabandika selotepu, unajaza. Ukuta mzuri ni ule usioonyesha kwamba kuna mtu aliupaka. Alama moja ya brashi ikionekana, msimamizi anakukata. Silalamiki, kwa kuwa kuta hizo ndizo zilizosomesha wanangu na kuezeka nyumba.

Lakini mimi nilisoma Nyundo, shule ya sanaa iliyoanzishwa miaka ya 1950, kilomita chache tu kutoka mjini. Tulikuwa tukishuka ziwani alfajiri kuchora wavuvi wa Kivu wakirudi na isambaza, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti. Picha zangu za wakati ule zililiwa na panya chini ya kitanda, na kwa miaka mingi sikuona hasara yoyote.

Mpwa wangu, fundi magari wa Gatsata, ndiye aliyenikokota mpaka Bugesera kutazama Rwanda Mountain Gorilla Rally, mbio zinazohesabiwa katika ubingwa wa Afrika. Mimi si mtu wa magari. Safari Rally ya Kenya niliijua kwa hadithi za baba tu. Alimsifu Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishinda mara 5, utadhani ni shemeji yetu.

Tulisimama juu ya ukingo, mbali na kona. Gari la mbio unalisikia kabla ya kuliona: mlio unapanda, unakatika, unapasuka tena karibu zaidi. Watoto waliokuwa mtini wakanyamaza. Kisha kitu kikapita. Nikisema niliona gari nitakuwa naongopa. Niliona namba, kofia mbili, basi. Lililobaki ni vumbi. Kwetu udongo ni wa volkano, mweusi, hauna mambo haya. Lile lilikuwa jekundu, zito, jua limo ndani yake, na watu wa ng'ambo ya barabara wakapotelea humo. Wakaanza kurudi polepole: mwavuli wa njano kwanza, halafu bega, halafu uso wa mama mmoja anacheka huku amefumba macho. Gari la pili likaja, wakapotea tena. Nilitazama hivyo mpaka jioni. Mpwa wangu aliponiuliza nani anaongoza, sikuwa na jibu.

Nyumbani nikanunua turubai, nikachora gari. Siku nne nzima. Mke wangu akaitazama, akauliza, "Baba watoto, hii nayo ni ya kampuni gani?"

Alikuwa na haki. Gari la mbio ni bango lenye magurudumu, na mkono wangu ulikimbilia kule ulikozoea, kwenye nembo za matairi na mafuta. Zilitoka safi sana.

Nilirudi Bugesera kwa basi, siku ambayo hapakuwa na mbio, nikajaza udongo kidumu cha lita 5. Niliuchekecha kwa chujio la chai (hilo nililipa kwa ugomvi), nikauchanganya na gundi nyeupe ya maseremala. Mafundi wa imigongo kule Kirehe wanachora kwa udongo na majivu tangu enzi za mababu. Mimi msomi wa Nyundo ilibidi nipulizwe vumbi usoni ndipo nikumbuke. Tabaka la kwanza lilipasukapasuka kwa kuwa nililiweka nene. Siku hizi naweka jepesi, nasubiri likauke, nafuta kwa kitambaa kibichi, naweka jingine. Sita au saba hivi. Ule uso wa mama sikuuchora. Nilifuta mpaka ukatokea.

Kuta sijaziacha kabisa. Msimu wa ada nakubali mbili tatu, na kijana anayenisaidia ndiye mwenye haraka nazo. Juzi aliona alama ya kidole changu kwenye kona ya turubai, akachukua kitambaa aiondoe, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Nikamshika mkono.