Sururu ya Baba na Lango la Rotherhithe

Kosa nililifanya nyumbani, nami nikaja kulitambua mbali sana, mbele ya mlango wa barabara.

Marehemu baba alikuwa kibarua wa barabara. Miaka mingi alivunja mawe kwa sururu yake. Alipofariki, nilimwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu sururu ile. Akang'oa mpini, akautupa uani, akaenda zake na chuma. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umeuza mkono wa baba yako." Mimi niliona ni maneno ya wazee.

Baadaye nilikwenda London, Uingereza, kumwona binti yangu afanyaye kazi huko. Siku moja akanipeleka Rotherhithe, kusini ya mto Thames. Hapo barabara yashuka polepole katikati ya kuta mbili, kisha yaingia ardhini, ikapita chini ya mto na kutokea ng'ambo, upande wa Limehouse. Ilianza kuchimbwa mwaka 1904, ikafunguliwa mwaka 1908. Pamoja na miteremko yake, urefu ni karibu kilomita moja na nusu. Ilijengwa kwa ajili ya watu wa miguu na magari ya farasi; leo motokaa hufuatana humo mchana kutwa.

Juu ya barabara hiyo limesimama tao kubwa la chuma. Nilidhani ni pambo. Binti yangu akasema, "La, baba, hicho ni chombo cha kazi."

Kumbe wachimbaji walifanya kazi ndani ya kitu mfano wa pipa kubwa la chuma, upana wake kama mita 9. Pipa hilo lilisukumwa mbele kidogo kidogo, na ukingo wake wa mbele ukakata udongo. Nyuma yake mafundi waliunga pete za chuma ziwe ukuta, mto usije ukawaangukia. Kazi ilipokwisha, ukingo ule haukutupwa. Uliinuliwa ukawa tao la mlango.

Tena watu karibu 3,000 walihamishwa makwao ili njia hiyo ipite. Tao haliwezi kusimulia yote. Lakini kila apitaye hupita chini ya chuma kilichomfungulia njia.

Nilisimama pale nikaona haya. Wao wameweka chombo cha vibarua mahali pa heshima. Mimi nilikiuza kwa fedha ya sukari.

Niliporudi nikamwomba mama msamaha. Hakujibu. Aliingia ndani, akatoa ule mpini: alikuwa ameuokota siku ile ile. Mahali pa mikono ya baba pamelika, pamekuwa laini. Sasa umetundikwa juu ya mlango wetu. Wajukuu wakiuliza kwa nini tumetundika kijiti, nawaonyesha barabara wapitayo kwenda shule.