Darubini Haijui Cheo

Askari hufundishwa tangu siku yake ya kwanza kambini kutii amri na kuheshimu cheo. Mafunzo hayo ni mema, kwani jeshi lisilo na utii ni genge tu. Lakini ipo nyumba moja ndogo kambini, yenye meza, bomba la maji na darubini, ambamo cheo huachwa mlangoni pamoja na matope ya viatu. Nyumba hiyo ni maabara ya zahanati. Humo damu ya kuruta na damu ya meja huwekwa juu ya vioo vya namna moja, na vijidudu vya malaria havimpigii saluti mtu yeyote.

Katika kambi moja nchini Uganda alikuwapo koplo mmoja, fundi wa maabara. Usiku mmoja wa mvua, mke wa sajini alimleta mtoto mwenye homa kali. Fundi akatoa tone la damu kidoleni, akaandika jina na namba juu ya kioo, akaliacha tone likauke, kisha akalitia rangi ya Giemsa. Kanuni ya kazi yake ilikuwa bayana: asiandike kwamba hakuna vijidudu kabla ya kupitia kwa darubini sehemu zisizopungua 100 za tone nene, moja baada ya nyingine. Fundi alipitia kiasi cha 30. Macho yalikuwa mazito, mama mtu alikuwa akilia mlangoni, na wagonjwa wengine walikuwa wakingoja. Akaandika: hakuna.

Hapakuwa na mtu aliyemwona, na hapo ndipo ilipo hatari ya kazi hii. Seremala akikosea, meza huyumba na kila mtu huona. Fundi wa maabara akikosea, karatasi hubaki safi na muhuri hung'aa vile vile.

Baada ya siku mbili mtoto alirudishwa akiwa na degedege. Kile kioo cha kwanza kilikuwa kimehifadhiwa, kama kanuni iagizavyo. Fundi mwenziwe alikipitia upya, akavikuta vijidudu. Mtoto alikimbizwa hospitali kubwa, na kwa bahati njema akapona. Koplo angeweza kusingizia rangi, au kudai kwamba vioo vilichanganywa. Lakini wahenga walikwisha nena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Alifungua daftari la makosa, akaandika kwa mkono wake mwenyewe idadi ya sehemu alizopitia, saa, na jina lake. Kisha akaenda nyumbani kwa sajini akasema, "Mama, kosa lilikuwa langu." Yule mama alimfunga mtoto mgongoni, akaingia ndani bila kujibu neno. Fundi hakumlaumu.

Uvumilivu wa macho una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianza kwa wanajeshi. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya jeshi mjini Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa akichunguza damu ya askari mwenye homa. Humo akaona vijidudu hai vikichezacheza. Wataalamu wengi wa siku zile walimtilia shaka kwa miaka kadhaa. Laveran hakuandika yale ambayo wakuu wa elimu walitaka kuyasoma. Aliandika alichokiona, akaendelea kutazama. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel.

Zipo kanuni nyingine ambazo huwaudhi wakubwa. Siku moja tarishi wa kapteni alileta chupa ya damu isiyo na jina, ili kundi la damu lipimwe upesi. Koplo aliikataa, akaomba damu nyingine itolewe na jina liandikwe papo hapo mbele ya mgonjwa. Tangu mwaka 1901, Karl Landsteiner alipoeleza makundi ya damu, inajulikana kwa nini mtu hawezi kuongezewa damu yoyote tu. Damu isiyolingana huweza kupasua chembe nyekundu, kuharibu figo na kuua. Chupa isiyo na jina ni sawa na bunduki ambayo hajulikani aliyeijaza risasi.

Siku nyingine meja mmoja aliingia maabara, akataka kuonyeshwa majibu ya askari wake. Koplo alisimama wima, akapiga saluti, akasema, "Afande, majibu haya ni ya mwenye damu na daktari wake." Meja alikasirika, akatoka. Haukuwa ukaidi. Ugonjwa ambao sheria inataka utangazwe hupelekwa kwa wakuu wa afya kwa njia yake. Lakini siri ya mgonjwa ikitoka mara moja, kesho askari ataficha ugonjwa wake, na kambi nzima itaumia.

Jamaa za askari nao wana wajibu wao. Na watoe majina kamili, wangoje muda unaohitajika, wasimpe fundi chai ili awatangulize, wala wasiulize majibu ya jirani. Anayemharakisha fundi anajipunguzia mwenyewe zile sehemu 100.

Koplo yule aliendelea na kazi yake. Kila usiku huhesabu kwa sauti ya chini, kama mtu asaliye, na hata mlango ukigongwa mara tatu hainui kichwa kabla ya kufika 100.