Sili ya Maji

Kwenye drili ya mwamba kuna sili ya maji, kipete cha mpira kinachotoshea kiganjani. Kazi yake ni kuzuia maji yanayosafisha shimo yasiingie upande wa mafuta. Ikichoka, mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na vyuma vinaanza kulana.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye machimbo ya mawe, Athi River. Bosi akanituma Industrial Area na pesa za seti nzima ya sili orijino. Nikapata nyingine ya bei ya chini, pakiti ni ile ile. Zikabaki elfu nne. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa, basi nikanyamaza.

Fundi wetu, mzee tuliyemwita Guka, alibadilisha zote, hata zilizoonekana nzima, kwa sababu zilizeeka pamoja. Alizipaka mafuta, akaziingiza kwa vidole tu. Bisibisi ingezikwaruza.

Wiki mbili baadaye, chai ya maziwa. Bosi akasema macho ya mzee yamechoka, kafunga vibaya. Guka akaichomoa ile sili, akaikunja, ikapasuka. Akaniangalia. Hakusema kitu. Jioni hiyo akaondoka na boksi lake la spana.

Nilikuwa pale. Ningeweza kuongea.

Juzi nilimtumia elfu nne kwa M-Pesa. Saa moja haikuisha, zikarudi. Elfu nne kamili, na gharama ya kutuma kalipa yeye.